Naogopa kupiga udi mbele za watu, nifanyeje?

Barua ya safari hii imetoka Tanga. Aliyeandika ni mama wa miaka 44, mhasibu, mwenye mume na watoto watatu. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake:

"Miaka miwili iliyopita nilinunua udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, Unguja, wa mkono wa pili. Tangu utotoni naupenda udi kuliko chombo kingine chochote. Nimepata mwalimu, ananifundisha kwa simu kila Jumamosi, na anasema naendelea vizuri. Tatizo siwezi kupiga mtu akiwepo nyumbani. Mume wangu akirudi naurudisha udi juu ya kabati. Nikijaribu mbele ya mtu mikono inatetemeka mpaka risha ya kupigia nyuzi inaanguka. Shoga yangu mmoja alinisikia akacheka, akasema, 'Na uzee huu?' Na mimi mwenyewe moyoni najiona kama najifanya, maana mimi ni mhasibu, si mwanamuziki. Sasa rafiki mwingine ameniomba nipige nyimbo mbili kwenye harusi ya binti yake mwezi wa Desemba, nimemwambia nitamjibu. Nikiwa peke yangu na udi nasahau dunia. Nitaondoaje hofu hii, nijiamini kwanza, ndipo nianze? Au niuuze tu niache kujisumbua?"

Dada yangu, udi usiuuze. Hilo nimelitanguliza ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia.

Kuna maneno machache katika barua yako ambayo nadhani ndiyo yaliyokukwamisha, na si yale ya mikono kutetemeka. Ni haya: "nijiamini kwanza, ndipo nianze." Umeyaandika harakaharaka, kama jambo lisilo na ubishi, na sikushangai, kwa sababu ndivyo wahamasishaji wanavyotuhubiria asubuhi na jioni: jiamini, mengine yatafuata. Mimi naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa lugha ya kazi yako, kujiamini hakuingii vitabuni kama mtaji wa kuanzia. Kunaingia mwisho wa mwaka, kama faida, baada ya biashara kufanyika. Anayesubiri faida ndipo afungue duka, duka hilo halifunguliwi.

Na si mimi niliyeligundua hilo. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1977 alichapisha makala inayosomwa mpaka leo kuhusu mahali inakotoka ile hali ya mtu kusema moyoni, "hili naliweza." Alitaja vyanzo vinne. Kuna mambo ambayo umeyafanya kwa mikono yako yakakubali. Kuna kumwona mtu anayefanana nawe akiyafanya. Kuna maneno ya wanaokutia moyo. Na kuna namna unavyousoma mwili wako wakati jambo lenyewe linaendelea. Chenye nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Maneno ya kutia moyo yanasaidia, ila hayakai. Jitazame mwenyewe: mwalimu anakusifu kila Jumamosi, shoga yako amecheka mara moja tu, na kilichobaki kichwani ni kicheko. Sababu ni kwamba sifa za mwalimu hazina tukio la kuegemea. Hujawahi hata mara moja kupiga mbele ya mtu, ukafika mwisho, ukaona kilichotokea. Kicheko kina ushahidi, sifa hazina.

Kwa hiyo kazi yetu ni kukutafutia ushahidi. Hatutaanza na hofu.

Lakini kwanza uelewe jinsi hofu hii ilivyonenepa, maana umeilisha wewe bila kujua. Chukua jioni moja ya kawaida. Umekaa kitandani na udi, upo katikati ya zoezi. Geti linalia. Moyo unaruka, unasimama, unapanda kwenye kigoda, udi unarudi juu ya kabati, unashuka unajifanya unakunja nguo. Mume anaingia, salamu, maji ya kunywa, mambo shwari. Ukiwa umesimama pale na shuka mkononi unasikia nafuu kubwa. Nafuu hiyo ndiyo mshahara wa hofu. Ubongo unaweka kumbukumbu: tulikuwa hatarini, tumekimbia, tumepona, kesho tukimbie tena, na mapema zaidi. Haupati nafasi ya kugundua kwamba hapakuwa na hatari yoyote, kwa sababu kila siku unaondoka kabla ya kuona mwisho wa mchezo. Wanasaikolojia wanaielewa njia hii tangu miaka ya 1940, na tiba nzuri za hofu zilizokuja baadaye nyingi zimejengwa juu ya jambo hilo moja: mtu abaki mahali anapopaogopa, kidogokidogo, mpaka ubongo wake ujionee wenyewe.

Kuna ukimbiaji mwingine mdogomdogo usioonekana kama ukimbiaji. Kuwasha televisheni kwa sauti ili udi usisikike. Kupiga kwa ncha ya risha, kwa sauti ya kunong'ona. Na ule tunaoupenda sana sisi watu wa pwani kwa sababu unafanana na adabu: kuomba radhi kabla hujaanza. "Mimi sijui, najaribujaribu tu, msinicheke." Unadhani unajikinga. Ukweli ni kwamba umewaelekeza wasikilizaji wasikilize makosa, na hata ukipiga vizuri, kichwa chako kitasema wamekuhurumia kwa sababu uliomba. Nitakurudisha kwenye hili baadaye kidogo, kwa kuwa ni katika mambo ya kwanza nitakayokuomba uache.

Sasa mikono. Mtu akiogopa, mwili unamwaga adrenalini. Mapigo ya moyo yanapanda, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mikono ili ukimbie au upigane, ncha za vidole zinapoa, viganja vinatoa jasho. Kwa anayekimbizwa na mbwa huo ni msaada mtupu. Kwa anayepiga udi ni balaa, kwani kazi yote iko kwenye vidole. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawanya sauti kama gitaa. Kidole kikikaa pembeni kwa unene wa uzi, sauti inatoka chongo na kila mwenye masikio anaisikia. Kwa hiyo kutetemeka kwako hakuna maana kwamba huna kipaji. Umechagua chombo kisichoficha kitu, na mwili wako unafanya kile ambacho miili yote hufanya.

Ya wakubwa nayo uyajue. Pablo Casals, mpiga cello Mhispania aliyezaliwa 1876, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa wapigaji bora wa karne iliyopita, aliishi na hofu ya jukwaani maisha yake yote. Mwaka 1901 alikuwa California, akapanda mlima Tamalpais na wenzake, jiwe likaporomoka likamponda mkono wa kushoto, ule wa vidole. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu kwa kuwa hatalazimika tena kupiga cello. Mkono ulipona, akapiga kwa zaidi ya miaka sitini mingine, na hofu yake akiwa nayo. Na mwaka 1987 nchini Marekani walipoulizwa wanamuziki zaidi ya elfu mbili wa okestra kubwa, zaidi ya robo walisema kuna nyakati hutumia dawa za kutuliza mapigo ya moyo kabla ya kupanda jukwaani. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kwa kupiga. (Dawa zenyewe usizijaribu kwa kusikia kwangu. Mwenye pumu zinaweza kumfunga kifua, mwenye presha ya kushuka zinamwangusha. Ni za daktari.)

Lililo rahisi na lisilo na madhara ni hili. Dakika chache kabla ya kupiga, ingiza mikono kwenye maji ya vuguvugu, ikaushe vizuri. Vuta pumzi kwa kawaida, ila itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Kuhusu risha, nimemuuliza mpiga udi mmoja ninayefahamiana naye, akasema wengi waliozoea kuona magitaa huishika kwa ncha za vidole viwili, ikiloa jasho kidogo tu inaponyoka. Mkia wa risha ulale ndani ya kiganja, vidole viukunjie. Mwulize mwalimu wako akuonyeshe. Nimefurahi kulisikia hilo, maana sehemu ya "hofu" yako huenda ikawa ni ushikaji tu.

Halafu acha kujilazimisha kutulia. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo watu waliambiwa waimbe mbele ya wengine. Waliotakiwa kusema kwanza kwamba wana msisimko waliimba vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi. Ukifikiri, ni jambo la akili: mwili wenye hofu na mwili wenye mshawasha vinafanana, moyo unadunda kotekote. Kutoka kwenye hofu kwenda kwenye utulivu ni safari ndefu. Kutoka kwenye hofu kwenda kwenye hamu ni hatua moja. Kabla ya kupiga jisemee kwa sauti, "nina hamu ya kupiga." Utajiona mjinga. Jisemee hivyo hivyo.

Nikija kwenye "najifanya." Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana kazini na masomoni ambao bado waliamini moyoni kwamba wamewadanganya watu na siku moja watafichuliwa. Hali hiyo ipo na inatesa, lakini nadhani wewe umejibandika isivyostahili. Tapeli ni yule anayedai asichonacho. Wewe umedai nini? Hujamwambia mtu kwamba wewe ni fundi wa udi. Umesema unajifunza, na kweli unajifunza. Mwanafunzi anayekosea ni mwanafunzi halali. Kinachokusumbua, kwa usomaji wangu, ni kwamba kazini wewe ni mtu wa hesabu zisizo na kosa, watu wanakuja kwako kuuliza, na sasa kwenye udi umerudi darasa la kwanza mbele ya macho ya watoto wako. Inauma, na inawauma zaidi watu hodari kuliko wavivu. Mtu ambaye hajazoea kuheshimiwa haoni tabu kuchekwa.

Kuhusu umri sitakuchosha, kwa kuwa nadhani hata wewe unajua jibu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880. Alihamia mjini Unguja 1911, akiwa amezoea kuuza vyungu, na huko ndiko alikofundishwa kuimba kwa mpango. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, kwa hiyo alikuwa mtu mzima kukushinda wewe leo. Nao walikuwepo waliomcheka: asili yake, sura yake, nguo zake. Aliwajibu kwa kuimba. Wewe unaishi Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ambako mtoto hukua akiusikia muziki huu kwa jirani; sikufundishi mimi taarabu.

Sitakudanganya, hata hivyo, kwamba utafika alikofika Siti, au utapiga kama mtu aliyeshika udi akiwa na miaka saba. Pengine hutafika. Swali ni kama hilo linakuzuia kufurahi, na barua yako imeshalijibu uliposema ukiwa peke yako unasahau dunia.

Haya, sasa kazi yenyewe. Chukua daftari. Andika hali zote ambazo mtu anaweza kukusikia ukipiga, kuanzia nyepesi hadi ile inayokukausha mate, na kila moja uipe namba kati ya sifuri na kumi kwa ukubwa wa hofu. Usiandike ninayodhani mimi, andika yako. Nitakupa mfano tu. Kuuacha udi sebuleni, kwenye pembe isiyopigwa na jua, wageni wauone wakija: labda mbili. Kupiga dirisha likiwa wazi, jirani akiwa uani anafua: labda tatu. Kupiga mtoto wako mdogo akiwa chumbani anachora: tatu na nusu. Kumtumia mwalimu rekodi ya dakika moja kwa WhatsApp, ile ya kwanza uliyorekodi, bila kurudia: nne, na najua kwa wewe usiyependa kosa itakuwa tano. Kupiga mume akiwa sebuleni anatazama taarifa ya habari: sita. Kupiga amekaa mbele yako anasikiliza: saba. Rafiki mmoja, kwake au kwako. Kisha kupiga na wengine, ndani ya kundi. Harusi iko juu kabisa.

Unaanzia chini, na huendi juu kwa kurukaruka. Hatua moja unairudia siku mbalimbali mpaka namba yake ishuke nusu, ndipo upande. Watu wengi wanakosea hapa kwa ushujaa: wanafanya mara moja, wanatetemeka, wanamaliza, wanasema "nimeshinda," hawarudii. Mara moja haitoshi. Ubongo utaiita bahati. Mara ya nne, ya tano, unaanza kuchoka, na kuchoka ndiko tunakokutafuta. Ukifika mahali unapiga na mtoto chumbani huku unawaza mchicha wa jioni, hatua hiyo imekwisha.

Na kabla ya kila jaribio andika unachotarajia kitatokea, kwa maneno ya wazi. Usiandike "itakuwa aibu." Andika: "Mume wangu atatoka nje," au "atasema nipunguze kelele," au "nitasahau baada ya mstari wa kwanza." Ukimaliza andika kilichotokea. Akitoka nje kwa sababu ya simu, andika simu. Baada ya mwezi fungua daftari usome safu zote mbili. Nimewafanyisha watu zoezi hili kwa muda mrefu kwenye mambo tofauti, kuongea kikaoni, kusoma tenzi hadharani, hata kuendesha gari, na sioni kitu kinachowashangaza kama safu ya pili ilivyo ya kawaida. Hakuna aliyetoka nje. Aliyekuwepo aliuliza kama umeme wa Luku umebaki.

Hilo linanikumbusha jaribio la Thomas Gilovich na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye kwa vijana wa wakati ule kuvaa sura yake ni aibu, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Walipoulizwa ni wangapi wameigundua picha, walikisia karibu nusu. Walioigundua kweli walikuwa karibu robo. Tunajiona tumemulikwa na kurunzi kumbe kila mtu anashughulika na fulana yake. Bila shaka udi unasikika zaidi ya fulana inavyoonekana, sikatai. Lakini risha inapokwaruza uzi wa jirani na wewe unataka ardhi ipasuke, aliyekaa mbele yako, kama si mpigaji, hata hajui kwamba lilikuwa kosa.

Katika hatua zote hizi, kuomba radhi marufuku. Unakaa, unapiga, unamaliza, unanyamaza. Ukikosea katikati, endelea kutoka pale ulipofika, usirudi mwanzo. Kurudi mwanzo ni kukimbia kwa namna nyingine, na isitoshe unajizoesha kusimama. Mwombe mwalimu akupe bashraf moja fupi, yaani kipande cha ala tupu bila kuimba, uimudu hiyo moja tu kwa ajili ya kusikika, hata kama darasani mmeshafika mbele zaidi. Mbele ya watu, piga kitu ulichokiacha nyuma muda mrefu. Vipande vipya bado vina jasho lake, uviachie mazoezi ya peke yako.

Mume wako hujasema kwamba anapinga. Nimeisoma barua mara mbili kulitafuta hilo sijaliona. Unamficha mtu ambaye pengine anaujua udi uko juu ya kabati na anangoja umwambie. Usimwendee na swali la "unaonaje nikijifunza udi," maana hapo unaomba kibali cha jambo ulilokwisha lifanya miaka miwili. Mwambie kitu chenye kipimo: "Baba nanihii, baada ya chakula cha usiku nitakuwa napiga udi nusu saa sebuleni, siku tatu kwa wiki. Usinisifu wala usinikosoe, endelea na mambo yako." Wanaume wengi ninaowafahamu wangefurahi kuambiwa hawatakiwi kutoa maoni.

Shoga aliyecheka, muda huu usimpigie. Sisemi mkosane. Kicheko kingine ni cha mshangao, kingine ni cha mtu ambaye naye ana kitu chake juu ya kabati, na sina njia ya kujua chake ni kipi. Ila kwenye ngazi yako hana nafasi kwa sasa, kama ambavyo mtu anayejifunza kuendesha gari hachagui kwenda na yule anayepiga kelele kila breki. Akiuliza, mjibu kwa ufupi, "naendelea," mbadilishe mazungumzo.

Hukuuliza kuhusu dini, lakini natoka pwani na najua swali hilo huja likibisha hodi baadaye. Wanazuoni wametofautiana kuhusu ala za nyuzi, na kazi yangu si kutoa fatwa. Kama jambo hilo lina uzito kwako mwulize shehe unayemwamini, mapema, usikilize jibu lake kwa moyo mweupe. Ninachoomba ni ujitazame vizuri usije ukakuta ni hofu tu imevaa kanzu. Dalili yake ni hii: swali la dini linakujia mtu akiwepo tu, ukiwa peke yako halikujii.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulikatae tangu sasa. Ukianza kusikika, watakuja wa kukuambia ufungue chaneli, ujirekodi, utoze harusi, "kipaji ni pesa." Baadhi ya furaha huvumilia soko na baadhi hazivumilii. Nimeona watu waliopenda kushona, kupika keki, kuandika mashairi, wakageuza kazi, na baada ya muda wakawa wanaangalia cherehani kama wanavyoangalia foleni ya ofisini. Siyo wote, wapo walioneemeka. Lakini wewe tayari una kazi inayokulisha. Udi una haki ya kubaki kitu kisicho na faida kwa yeyote isipokuwa wewe. Kupiga vibaya kidogo kwa miaka ishirini ijayo, nyumbani, ukifurahi, mimi nahesabu kuwa ni mafanikio kamili.

Na ukitaka wenzako, tafuta wanaopiga pamoja. Kwenye kundi la taarabu wapiga fidla watatu au wanne hubeba sauti moja, mgeni anajificha katikati yao huku anajifunza. Unguja kuna kikundi cha Tausi ambacho wapigaji wake ni wanawake watupu, na kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, kinachofundisha udi, kanuni (ala bapa yenye nyuzi nyingi), fidla na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono). Likizo ukivuka, nenda ukawasikilize tu. Bandura aliita hicho chanzo cha pili: kumwona mtu anayefanana nawe. Mwanamke wa rika lako akiwa na udi mapajani, miwani puani, akikosea na kuendelea, atakufundisha ambacho mimi siwezi kukiandika.

Tahadhari moja, na naisema kwa kila mwenye barua ya aina hii. Kama hofu hii haiko kwenye udi tu, kama unakwepa vikao kazini, unakwepa kula mbele za watu, simu zinakushtua, au kama umepoteza hamu ya karibu kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili na usingizi umevurugika, hilo si la daftari. Nenda hospitali, kwenu anzia Bombo, uulizie huduma za afya ya akili. Zinatibika. Barua yako haisomeki hivyo, lakini mimi nimesoma karatasi, sikukuona.

Imebaki harusi. Rafiki yako ameomba nyimbo mbili na wewe umemwambia utamjibu, na jibu hilo lisilotolewa linakula usingizi wako kuliko nyimbo zenyewe. Mpigie wiki hii. Mwambie nyimbo mbili hapana. Utapiga bashraf moja, wakati wageni wanaingia na kusalimiana, kabla ya shughuli kuanza, na upige pamoja na mtu mwingine: mwalimu wako kama anaweza kusafiri, au mpiga dumbaki yeyote mnayemjua. Watu wakiwa bado wanatafuta viti hawakukodolei macho. Mweleze pia kwamba mwanzoni mwa Novemba utampa jibu la mwisho. Ikifika siku hiyo fungua daftari. Kama kupiga mbele ya mume na mbele ya rafiki mmoja kumeshuka chini ya tano, nenda. Kama hakujashuka, mwambie hutaweza mwaka huu, naye atakuwa na wiki za kutosha kutafuta mwingine, na wewe Jumamosi inayofuata unaendelea na hatua uliyokuwa nayo. Nyuzi nazo, kama ni zilezile ulizozikuta Unguja, badilisha kabla hujaanza lolote. Joto na chumvi ya Tanga zimeshazichosha, na nyingi ya sauti unazojilaumu nazo huenda si zako.